Sanduku la Mjerumani Lililotoa Maji

Kijijini kwetu, nyuma ya Mafinga, siku hizi naitwa Mjerumani. Watoto wa chekechea wananiita Mjerumani, katekista ameniita Mjerumani mlangoni mwa kanisa, na mimi naitika, maana nimeshajaribu kununa na haikusaidia. Ila nataka mjue ilivyokuwa hasa, kwa sababu hadithi zinazozunguka huko zina uongo mwingi (sikulia, yale yalikuwa maji ya bomba).

Ilianza na begi la mjomba. Mjomba wangu anachimba dhahabu Chunya, na alipokuja kutusalimia alikuja na mashine yake ya kupimia, ina fimbo ndefu na chini ina sahani kama kikaango cha chapati, ukiipitisha juu ya chuma kilichofukiwa inalia. Aliposafiri kwenda sokoni Mwanjelwa kutafuta vipuri akaisukuma ndani ya begi lake chini ya kitanda changu akasema, "Mpwa, hii usiiguse." Sasa mimi nipo fomu tatu, ni likizo, chini ya kitanda changu kuna kitu nimeambiwa nisikiguse. Ninyi mngefanyaje?

Na kwetu kila mtu anajua Mjerumani alizika mali alipokimbia vita. Hata wazee wasiokosa misa, wakiona jiwe limechorwa msalaba au mshale wanashusha sauti. Mimi alama yangu nilikuwa nayo tangu shule ya msingi: pale msitu wa mipaina (misonobari, kwa ninyi mliosoma) unapopakana na shamba la bibi, kuna kinguzo cha saruji kimemezwa na nyasi, kimechorwa mshale unaoonyesha ardhini. Rafiki yangu Fredi aliuliza kama Mjerumani alikuwa na saruji, nikamwambia mtu aliyepata F ya historia asinisumbue.

Nikachagua siku ya mkutano wa kijiji, kwa kuwa watu wote wangekuwa ofisini na msitu ungebaki wangu. Mkutano wenyewe ulimhusu baba. Baba ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi mlimani yanashuka yenyewe kwenye bomba, na baba analilinda hilo bomba kuliko anavyonilinda mimi. Usipotokea kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kufyeka njia yake, anakufungia maji, katekista mwenyewe alishafungiwa. Lakini tangu mwaka jana maji yalikuwa yanatoka kama kamasi, na Mzee Mgaya, anayekitaka kile kiti, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akisema mwenyekiti anawapa maji rafiki zake kwa siri. Siku hiyo watu walikuwa waamue baba abaki au aondoke. Alitoka nyumbani na koti lililopigwa pasi na hakumaliza chai.

Sisi tukaenda kwenye mshale. Mashine ikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Tukachimba, tukachimba, mpaka chuma kikaonekana, cha mviringo, kina kutu.

"Ni mzinga huo," Fredi akanong'ona.

"Ni mguu wa sanduku," nikamwambia, nikanyanyua sururu nikaishusha kwa imani yote niliyonayo.

Hazina ikanitemea usoni. Maji yalipanda mpaka kwenye matawi, kofia ya Fredi ikaenda nayo, na mimi, kwa akili za haraka haraka, nikaona dawa ni kuyakalia. Nikayakalia. (Ndiyo, ile picha mnayotumiana ni ya kweli.) Nikamwambia Fredi akamwite baba kimyakimya.

Kule mkutanoni, baba alikuwa amefungua bomba la ofisini ili watu wajionee. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza, na Mzee Mgaya akapiga makofi. Ndipo Fredi akaingia mbio akipiga kelele, "Mwenyekiti, tumempata Mjerumani, ila anatoa maji."

Kijiji kizima kikaja kunitazama nimekaa juu ya chemchemi, mashine ya mjomba begani.

"Shuka," baba akasema.

"Baba, nikishuka yataruka."

"Shuka."

Nikashuka. Yakaruka. Mzee Mgaya alikuwa mbele kabisa ili aone vizuri, akaona vizuri.

Fundi akakimbia kufunga koki ya juu, shimo likatulia, watu wakachungulia. Bomba la kijiji lilikuwepo, jeusi, la plastiki, zima kabisa. Nililovunja mimi ni bomba jingine, la chuma, lililochomoza ubavuni mwa lile jeusi likapinda na kupotea ardhini. Hakuna aliyelijua. Mzee Mgaya, akiwa anachuruzika maji, akasema, "Wewe Mjerumani, hebu pitisha hiyo mashine tuone linakwenda kwa nani."

Basi nikatangulia, suruali imenigandama, mashine inalia, na kijiji nyuma yangu kama maandamano ya Jumapili ya Matawi, tukatoka msituni, tukaingia shambani, tukasimama katikati ya miche ya parachichi ambayo bibi aliipanda mwaka jana. Bibi alikuwa ameinama kwenye koki aliyoifunika kwa chungu, anashangaa kwa nini imekauka.

"Kamwene," akatusalimia wote.

"Mama," baba akasema, "hili bomba aliweka nani?"

"Baba yako. Si ndiye alikuwa fundi mradi ulipopita hapa? Alisema maji hayawezi kupita mlangoni kwetu bila kutusalimia. Na mshale akachora yeye, asije akasahau pa kuchimba likiziba."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unauliza watu wengine."

Mzee Mgaya akauliza kwa upole ambao sikuupenda, "Mwenyekiti, sheria yetu inasemaje?"

Baba alimwangalia mama yake, kisha akaniangalia mimi. "Linafungwa leo," akasema. "Aliyechukua maji na aliyevunja bomba watachimba mtaro, kama mtu mwingine yeyote."

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Mimi sihitaji kurudi ofisini, kura yangu naipiga hapahapa, abaki," akanyoosha mkono. Mikono ikafuata katikati ya parachichi. Wa Mzee Mgaya ulichelewa, lakini ulipanda, ukidondosha maji.

Kwa hiyo nikachimba mtaro. Bibi alikaa ukingoni akiniamrisha, na jioni baba alikuja na jembe lake, akachimba sehemu ya bibi mpaka ikaisha.

Nimeapa mbele ya baba na mjomba kwamba sitashika tena ile mashine. Lakini kuomba msamaha kwa ajili ya ule mshale, hapana. Nilisema unaonyesha mali iliyofukiwa, na ilikuwepo, muulizeni bibi.

Juzi baba alipotoka, bibi alinisogelea akasema babu yangu alichora mishale miwili. Mimi nimeshaapa. Bibi hajaapa.