Namba Iliyobaki Ndani ya Ukurasa

Kazi yangu ni kutangaza vifo. Niliianza kwenye redio ndogo ya hapa Bukavu, nikisoma komunike za msiba kila asubuhi: nani amefariki, ni mtoto wa nani, kilio kiko avenue gani, maziko ni saa ngapi. Redio ile ilipofungwa nilidhani na kazi imekwisha. Lakini watu waliendelea kuja nyumbani kwetu Kadutu na karatasi zao mkononi, kwa kuwa walikwisha kuizoea sauti yangu. Binti yangu akanifungulia ukurasa kwenye mtandao, akanionyesha namna ya kurekodi, ya kuweka picha ya marehemu na ya kusoma wanayoandika watu.

Sikuwa nasoma majina tu. Nilikaa na wafiwa, nikawauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Kama alikuwa akiuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni na kuwaongezea wajane kiganja kimoja, nilisema. Kama alikuwa mkali, nalo nilisema, kwa adabu, na wanawe wenyewe walicheka huku wakilia. Watu wakaufuata ukurasa ule kwa maelfu, wa Goma, wa Uvira, wa Kamituga, hata waliohamia Ulaya. Nikipita sokoni watu walinionyesha kidole wakinong'ona, "Njo ule maman wa komunike." Sitaficha, nilijisikia mtu mkubwa.

Rafiki yangu, sekretari wa parokia, hakuvutwa na ukubwa huo. Siku moja nilipokuwa ofisini kwake namwonyesha simu, aliniuliza, "Hawa bantu yako bote, uko na namba zao?"

"Namba za nini? Si wako hapa? Kila siku banaandika."

"Na hapo ni kwa nani?"

"Ni kwangu. Jina langu si ndilo liko juu?"

Alirudi kwenye kitabu chake cha ubatizo. Nilimwona ni mtu wa makaratasi asiyeelewa mambo ya leo.

Miongoni mwa walioniandikia mara kwa mara alikuwa mchimbaji mmoja wa dhahabu huko Kamituga. Mama yake na mdogo wake wa kiume waliishi Bagira, hapa hapa mjini. Yeye alikuwa hajarudi nyumbani kwa miaka, lakini kila Jumapili alipopanda mahali penye mtandao alisikiliza matangazo ya juma zima, kisha akaniandikia neno moja la shukrani. Siku moja aliandika zaidi: simu yake ilikuwa imezama majini, amepata namba nyingine, na za watu wa nyumbani zimepotea zote. "Maman, hii ndiyo namba yangu mpya. Kukitokea kitu kwetu, nakuomba unipigie." Nilimjibu kwamba nimeiona. Nilikuwa nimeiona kweli. Sikuiandika popote.

Halafu, asubuhi ya Jumatatu, nilifungua simu na ukurasa haukuwepo. Kulikuwa na maneno machache ya Kifaransa: ukurasa umefungwa kwa kuvunja kanuni. Kanuni ipi, hawakusema. Labda ni picha ya mzee mmoja aliyelala kwenye jeneza, ambayo jamaa zake walinisihi niiweke. Mpaka leo sijui. Binti yangu alijaza fomu ya kulalamika, tukaambiwa tungoje. Nilimuuliza kama kuna mtu wa kumpigia. Akasema, "Maman, hakuna mutu. Ni mashini."

Jumanne yake, mdogo wa yule mchimbaji alifika nyumbani. Mama yao alikuwa amefariki alfajiri.

"Kaka yetu hatuna tena namba yake," alisema. "Lakini anakusikiliza wewe. Tangaza tu, atasikia. Ao nitume mutu na pikipiki amutafute kule mashimoni?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo si la mashini. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba sikuwa tena na mahali pa kutangazia. Nikaona haya. Nikamwambia, "Usitume mutu, papa. Barabara ni mbaya, utapoteza siku mbili bure. Niachie. Mpaka mangaribi tangazo itakuwa imetoka."

Nilirekodi tangazo lile vizuri kuliko mengi niliyowahi kurekodi. Lilikaa ndani ya simu yangu. Magharibi ukurasa haukurudi, wala Jumatano. Alhamisi walimzika mama yao, na mimi nilisimama nyuma makaburini, sikuthubutu kumwangalia yule mdogo usoni.

Jumamosi mchana mtu aligonga mlango. Alikuwa mwanamume mrefu, viatu na suruali bado vimejaa udongo mwekundu wa njia. Kabla hajasema nilikwisha kumjua. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Bukavu ndiye aliyempa habari, kwa bahati tu, naye akanunua nafasi kwenye pikipiki siku hiyo hiyo.

"Nimefika jana," alisema. "Balishamuzika."

Nilimpa kiti, hakukaa.

"Maman, mi nilikuandikia. Nilikupa namba yangu."

"Ulinipa, papa."

"Uliiweka wapi?"

"Niliiacha mule mule ndani ya ukurasa. Bakafunga, ikabakia na yenyewe."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliuliza kama lile tangazo la mama yake nililomwahidi mdogo wake lilikuwepo kweli, au nililisema tu kwa mdomo. Nilichukua simu nikamwekea. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Niliposikika nikisema kwamba marehemu alikuwa akipanda maharage hata pembeni ya mfereji wa barabara, kwa sababu udongo hauachwi wazi, alitikisa kichwa akasema, "Ni kweli. Ni yeye kabisa." Akalia hapo.

Kabla hajaondoka nilitoa kaye, daftari jipya la shule, nikamwomba namba yake. Aliitaja polepole, akainama kuangalia kama nimeiandika sawa. Yeye ndiye wa kwanza katika daftari hilo.

Kuanzia juma lililofuata nilikwenda kwa miguu. Sekretari wa parokia aliniruhusu kusimama mlangoni baada ya misa, wala hakunikumbusha maneno yake. Nilikwenda kwa familia za Kiislamu za Nyawera, nikaenda kwenye stendi ya magari ya Walungu na Nyangezi. Niliwaambia watu wazi: mukinipa namba, habari ya kilio itawafikia ninyi wenyewe kwa ujumbe mfupi, hata mtandao ukifungwa. Wengi walinikatalia. Walionipa ni wachache sana mbele ya maelfu yale, lakini kila mmoja nimemwona uso, na najua kwao ni wapi. Daftari nimelinakili mara mbili, nakala moja iko kwa sekretari.

Ukurasa ulirudi baada ya miezi, bila maelezo, kama ulivyoondoka. Bado nautumia. Vijana wanaotengeneza vichekesho na mafundisho ya mapishi huniuliza namna ya kupata watu wengi, nami huwauliza ni wangapi wanaoweza kuwafikia kesho ukurasa ukifungwa. Wengine wananiona kama nilivyomwona sekretari.

Juma lililopita alinipigia mama mmoja wa Nyawera, muuza vitenge, mmoja wa wale walionipa namba.

"Maman, nakuomba unitoe kwanza kwa daftari," alisema. "Mume wangu amefariki. Siwezi kusikia vifo vya bengine sasa."

Nilimpa pole. Nilimuuliza mume wake alikuwa mtu wa namna gani, akanieleza kidogo, akashindwa kuendelea.

"Nikimaliza eda," alisema, "nitakuita mi mwenyewe."

Nilipiga mstari mwepesi juu ya namba yake kwa kalamu ya risasi, ili ibaki inasomeka.