Slovenia Aliyonionyesha Papa

Watu wa manispaa wakija kukata nyasi kwenye bustani iliyo karibu na kwetu Bertrams, mtaa wa Johannesburg, mimi hufunga dirisha. Mama hushangaa, maana yeye anaipenda harufu ya majani mabichi yaliyokatwa na kuachwa juani. Anasema inamkumbusha Bukavu baada ya mvua. Mimi Bukavu sijawahi kufika. Harufu ile hunirudisha Slovenia, mwezi wa saba, nikiwa na miaka kumi, nimekaa kiti cha mbele katika gari dogo la Papa, vioo vimeshushwa, na kila upande wa barabara wakulima wameanika nyasi za ng'ombe kwenye vichanja virefu vya mbao, mithili ya nguo kwenye kamba.

Najua wengi wenu hamjawahi kuisikia nchi hiyo. Mwalimu wangu naye hakuwa ameisikia. Nilipoitaja darasani alinirekebisha mbele ya wenzangu, akasema bila shaka ninamaanisha Slovakia, nami nikakubali ili yaishe. Ni nchi ndogo, imebanwa kati ya Italia, Austria, Hungaria na Kroatia, imejaa milima na misitu na maji ya rangi ambayo hadi leo sijapata jina lake.

Papa alikuwa fundi umeme. Alituacha Johannesburg nikiwa bado mdogo sana, baada ya kupata kazi huko kwenye kiwanda cha samani, na neno alilomwachia Mama ni kwamba anatangulia, atengeneze maisha, kisha atuite. Mama alibaki na cherehani yake kwenye chumba cha mbele, akiwashonea Wakongomani wenzetu nguo za harusi na za kanisani. Kila Jumapili tukitoka ibadani Papa alipiga simu. Mimi nilikuwa mtoto wa hapahapa: Kiswahili nilikielewa chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, na Papa alikuwa akicheka huko aliko na kuuliza, "Huyu mzungu wangu anaendelea aje?"

Kisha ikaja tiketi. Ilikuwa moja, ya jina langu. Mama aliitazama kwenye simu yake kwa muda mrefu.

"Umeitwa wewe kwanza," aliniambia. "Uende uone, halafu utanielezea."

Papa naye alikuwa na maelezo yake. Alisema kwenye simu kwamba anataka mtoto aone nchi, aone milima na maziwa na desturi za watu, asikulie Joburg akidhani dunia yote ni robot za kuongozea magari na ukuta wenye nyaya za umeme.

Mama alijua jambo moja tu kuhusu Ulaya, kwamba kuna baridi. Alinishonea koti zito lenye bitana ya pamba, akanivika na kofia ya sufu, na juu ya yote hayo shirika la ndege likanitundikia kadi shingoni kama mzigo. Nilipotoka uwanjani upande wa pili palikuwa na jua kali na watu wamevaa kaptula. Papa alinitazama, akacheka mpaka akainama na kushika magoti. Halafu akanikumbatia, na hakuniachia hadi watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kutuzunguka wapite.

"Huku utasema Kiswahili," aliniambia tulipoingia garini. "Hakuna anayekisikia. Kitakuwa chetu sisi wawili."

Nililipenda sana wazo lile. Nilijikokota na Kiswahili changu kibovu siku zote tulizokaa pamoja, na Papa alinirekebisha kwa upole, huku akitazama barabara.

Alinionyesha kila kitu. Tulipanda vilima ambako ng'ombe walivaa kengele kubwa shingoni, mlima mzima ukilia. Tulishuka kwenye pango lenye treni ndani yake, tukapita chini ya mawe yanayoning'inia kama mishumaa iliyoyeyuka, na kule gizani tukaonyeshwa mnyama mdogo wa majini, mweupe, asiye na macho, ambaye wenyeji wanamwita samaki mtu. Tulimtembelea mzee mmoja mfuga nyuki ambaye mizinga yake ilikuwa imechorwa picha mlangoni, kila mzinga na picha yake, ili nyuki wajue kwao, alisema. Alitupa mkate mweusi na asali nyeusi, chungu kidogo, na Papa akanifundisha kusema asante kwa lugha yao. Jioni tulilala kwenye nyumba za wageni vijijini, leo hapa, kesho pale, kwenye vitanda vyenye mito mikubwa kuliko mimi.

Siku moja asubuhi, tukinywa chai, niliuliza, "Papa, kwako tutaenda lini?"

"Kwangu kuna mafundi," alisema. "Wanapaka rangi. Harufu ni mbaya, utaumwa kichwa."

"Watamaliza kabla sijarudi?"

"Tutaona, mama. Kunywa chai yako."

Siku hiyohiyo alinipeleka kwenye ziwa lenye kisiwa, na juu ya kisiwa kuna kanisa dogo. Tulivuka kwa mtumbwi pamoja na watalii wengine. Ndani ya kanisa kuna kamba ndefu, na wenyeji husema ukiivuta mpaka kengele ilie, utapata unachokiombea. Nilivuta kwa uzito wangu wote, miguu ikanyanyuka kidogo kutoka sakafuni, na kengele ikalia. Papa aliuliza nimeomba nini, nikakataa kumwambia. Niliomba wale mafundi wamalize kupaka rangi.

Hawakumaliza. Siku ya mwisho tulikuwa kwenye soko la mji mkuu, karibu na daraja lenye sanamu za majoka ya kijani, tukimnunulia Mama kitambaa cha meza kilichotariziwa, pale mwanamke mmoja alipomwita Papa kwa jina lake. Alikuwa mnene, mchangamfu, amebeba kapu la cheri. Papa aliuachia mkono wangu. Wakazungumza kwa lugha yao, Papa akicheka kwa sauti ambayo sikuizoea, kisha yule mama akaniinamia na kunisemesha kwa Kiingereza.

"Kumbe wewe ndiye mtoto wa kaka yake," alisema. "Anko wako hakutuambia kama ana mgeni mzuri hivi. Luka amefurahi sana kumpata binamu yake, siyo?"

Alinipa cheri kiganja kizima, akaenda zake. Papa alisimama akiangalia vitambaa.

"Luka ni nani?" nilimuuliza.

"Mtoto wa mtu wa kazini," alisema. "Huyu mama anachanganya mambo. Chagua kitambaa, tusichelewe ndege."

Niwaambie kweli, sikuumia hata kidogo. Johannesburg kila mwanaume mtu mzima ni anko, mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, ni anko, dereva wa basi la shule ni anko. Na nyumbani nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, hakuna tofauti. Nilidhani Papa amewaelezea wazungu mambo yetu, nao, kama kawaida yao, wameyaelewa upande mmoja.

Nilirudi nyumbani nimejaa hadithi. Mama alikuwa anapiga pasi gauni la bibi harusi siku hiyo, nami nikakaa kwenye kigoda mbele yake na kumwelezea kama alivyoniagiza: ng'ombe wenye kengele, mnyama asiye na macho, nyuki wanaosoma picha. Alicheka mahali pa kucheka. Nilimwambia nyumba ya Papa inapakwa rangi, bila shaka inaandaliwa kwa ajili yetu. Nilimwambia nimejifunza Kiswahili, naye akasema anasikia. Mwisho nikamwambia kichekesho changu kikubwa, kile cha mama wa cheri, jinsi alivyomwita Papa anko yangu, na jinsi alivyodhani nina binamu anayeitwa Luka.

Mama aliinua pasi na kuisimamisha. Akachomoa waya ukutani.

"Alikuwa pale Papa wako, yule mama aliposema hivyo?"

"Alikuwepo."

"Naye akasema nini?"

"Akasema nichague kitambaa."

Mama alikikunjua kile kitambaa cha meza, akakisifia ushonaji wake, akakikunja tena. Jumapili iliyofuata, simu ilipolia, aliichukua akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Sikusikia kelele. Alipotoka alinipa simu nizungumze na Papa, na Papa aliniuliza habari za shule.

Wiki ile Mama alitoa suti ya Papa kabatini, ile ya kijivu aliyofunga nayo ndoa, ambayo siku zote ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki ikimngoja mwenyewe. Aliifumua mshono kwa mshono, akanishonea sketi na koti la shule. Nilivivaa kwa majivuno makubwa. Nilijiambia kwamba Papa ameniruhusu nivae nguo yake kwa sababu sasa mimi na yeye tuna mambo yetu.

Simu za Jumapili ziliendelea miaka michache, zikawa za mara mojamoja, zikakoma. Nilipokuwa na miaka kumi na saba ndipo nilipouliza moja kwa moja, na Mama akanijibu bila kuacha kushona. Luka ni mtoto wa Papa. Mama yake ni mke wa Papa, wa huko. Hakuna aliyekuwa akipaka rangi nyumba yoyote. Mke yule alidhani mumewe yuko safari ya kazi, na watu wachache waliotuona pamoja waliambiwa mimi ni mtoto wa kaka.

Nilipoijua habari hiyo, safari yangu yote ilijipanga upya kichwani. Nilielewa kwa nini tulihama kila siku, kwa nini vijiji vilikuwa vya mbali, kwa nini Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili, na kwa nini mkono wangu uliachwa pale sokoni. Papa alinipenda, hilo silikatai, nilikuwepo. Alinipenda mahali pote ambapo hakuna aliyemjua. Na nchi ile ni nzuri kweli, nzuri hivyo hivyo nilivyowaeleza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba siwezi hata kuichukia.

Mwaka jana nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia siku ileile, pale kwenye kigoda, akaniacha niendelee kuwahadithia watoto wote wa Bertrams kwamba Papa anatutengenezea nyumba.

Alilitafuta tundu la sindano kwa ncha ya uzi.

"Ulirudi unaongea Kiswahili," alisema. "Ulikaa hapo mbele yangu ukaongea mpaka jua likazama. Miaka yote ile nilikuwa nakusemesha, unanijibu Kiingereza. Ningekukatiza namna gani?"