Ndege Aliyeitwa Mmakua

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Manuel alipewa jembe, akalima, akavuna mihogo msimu hadi msimu pale Kitaya, na bado aliitwa mgeni. Nielewe vizuri, msomaji wangu: hawakumchukia, walimheshimu mno. Alikuwa Mmakua aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya Wareno, na mkewe Olinda alipofariki mvua za mwanzo tu, kijiji kizima kilikwenda kuzika. Walizika kimya. Hakutokea mtani wa kujilaza kaburini na kuwachekesha wafiwa. Nani angemtania mgeni?

Tangu hapo Manuel alibaki na salamu. Hujambo, sijambo, basi.

Asubuhi moja ya kiangazi, mwaka uliofuata Azimio, alipita ukingoni mwa mto akienda shambani. Maji yalikuwa yamepungua, fungu la mchanga limejitokeza, na juu yake wametua ndege asiowajua: mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo mwekundu. Na mdomo wenyewe, jamani, wa chini mrefu kuliko wa juu! Mmoja akaruka, akauachama, akauzamisha ule wa chini na kwenda nao mbio juu ya maji, kama mtu anayepasua tuta.

"Olinda, tazama!" Manuel akasema. Kisha akakumbuka.

Olinda ndiye aliyejua ndege. Njiani yeye hutaja majina, Manuel huitikia tu. Sasa alitamani jina hili moja, alipeleke kaburini kwake. Alikuwa amekwenda huko mara nyingi bila la kusema.

Akamuuliza jirani yake, Bakari mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu hapo ukingoni.

"Wale?" Bakari akasema. "Wageni tu wale, mzee wangu. Mvua zikija wanaondoka. Hatujawapa jina."

Manuel akashukuru kwa adabu, akainama kuokota jembe lake.

Mariamu, mama wa Kiyao aliyehamia kijijini baada ya msiba ule, alikuwa akichoma mihogo hapo kando; akainua uso. "Mdomo wa chini umeupita wa juu? Na unashinda wazi? Bakari nawe, jina hulijui? Huyo Mmakua! Anapiga domo tangu alfajiri, hata dagaa hajapata!"

"Mariamu! Mheshimu mgeni."

"Mgeni gani anayemaliza mihogo yangu? Huyu mtani wangu."

Manuel alisimama na jembe lake. Midomo ilimcheza. "Basi yule aliyekaa mchangani," akasema polepole, "anayetazama wenzake wakilima maji, huyo ni Myao."

Bakari alicheka hadi akaangusha nyavu. Mariamu naye akacheka, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mkeo alizikwa na mtani gani?"

"Hakuwapo."

Mariamu akageuza mihogo yake.

Kesho yake Manuel alipofika kaburini alimkuta Mariamu na ufagio, anafagia huku akifoka: "We Olinda! Mvivu wa Kimakua! Umelala, mumeo anahangaika na ndege! Amka umpikie!"

Manuel alicheka. Kicheko kikamkatika katikati, kikageuka kilio ambacho siku ya mazishi kiligoma kutoka. Alikaa chini, akamweleza Olinda kwa Kimakua juu ya ndege wale, mdomo wao, na jina walilopewa. Mariamu hakuelewa neno. Aliendelea kufagia.