Siku Niliyotemewa Chai Mbele ya Wasomi

Hadi leo nikipita Werugha, kijijini kwetu milimani, huwa natazama chini kama mtu aliyeangusha sindano, na mnaotaka kucheka chekeni, mimi nimeshazoea. Ilikuwa miaka ya hamsini, nimeacha shule mapema na nazurura kati ya Voi na milimani nikitafuta cha kushangaa, ndipo wakaja mabwana wawili wa chuo kikuu kusoma mila zetu, na walitaka mkalimani wa kuzunguka nao hadi Mahoo kisha arudi nao chuoni. Niliitaka kazi ile kuliko chakula (nilisikia huko kuna nyumba ya vitabu yenye ngazi ndani).

Siku ya kunijaribu waliomba kuona kutasa, yaani mwenye kinyongo anapiga funda la pombe ya miwa, anaipuliza nje kama manyunyu, anataja hasira yake hadharani, kisha anabariki. Mjomba Mwadime, aliyepaswa kuwaonyesha, akachelewa. Nikasema, "Hilo dogo, Bwana, nitaonyesha mimi." Nikapuliza, nikamsingizia shangazi Wakesho, aliyekuwa akipita na kuni, kwamba aliwahi kuninyima ugali.

Sasa, kutasa hakuigizwi. Ukishatoa hasira yako, mwenye yake juu yako naye lazima aitoe. Shangazi akatua kuni.

"Kumbe leo ni leo. Ngoja nikachukue chai, pombe siigusi, nimeokoka."

Akarudi na kikombe, akanipulizia kifuani. "Uliacha mbuzi wangu kwenye shamba la watu ukaenda kutazama gari moshi. Hasira itoke. Upate mke mwenye subira."

Nyuma yake akasimama jirani, nyuma ya jirani fundi viatu, na mjomba alipofika, badala ya kuniokoa, akauliza foleni inaishia wapi. Bwana mkubwa ananisihi, "Tafsiri, tafsiri," nami natafsiri makosa yangu mwenyewe huku nafuta macho.

Jioni Bwana mkubwa akanishika mkono unaonata. "Umetusaidia sana. Tulidhani tutazunguka miezi, kumbe yote yako kwako. Hatuendi tena Mahoo, kesho tunarudi chuoni."

"Na mimi, Bwana?"

"Wewe? Si umeshatafsiri yote."

Wakaondoka, nikabaki mtu pekee Werugha asiye na adui hata mmoja, wala kazi. Tangu hapo msomi akiniomba nimwonyeshe mila, namwambia awasubiri wenyewe, hata wakichelewa mpaka masika.