Kistari cha Papa Mushagalusa

Maisara alikuwa na wazimu mmoja tu: alipenda vistari vya Kiingereza. Kwao Uvira walimjua kama binti wa duka la vitenge. Hapa Bukavu, mtaani Nyalukemba, walimjua kwa kompyuta yake, mashine yake ya kuchapishia, na kibao cha mlangoni kilichosema anaandikia watu barua kwa Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Kiingereza alikiongeza kwenye kibao mwaka jana, baada ya kujifunza miezi sita kwenye simu, na tangu siku hiyo alikuwa hashikiki.

Ukimletea karatasi, ulipata na somo la bure.

"Angalia, papa. Haka kafupi kanaunganisha: twenty-one. Kale karefu kanatenganisha, sawa mutu anakata maneno yake katikati juu aongeze kitu. Usibichanganye!"

Jumatatu asubuhi akaja Papa Mushagalusa, mtunza ghala la dawa katika shirika moja la afya. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na mkubwa wake, Madame Fabiola, alitaka kila mfanyakazi ajibu kwa Kiingereza kama yuko tayari kusaini tena. Papa Mushagalusa hakujua Kiingereza. Mwenzake Elysée alikuwa amemwandikia sentensi moja kwa kalamu: "I am happy to re-sign."

Maisara akaitazama, akatabasamu kama daktari aliyekwisha kuuona ugonjwa.

"Papa, haka katatoka."

"Elysée njo alikaweka."

"Elysée hajui règle, hajui kanuni. Ile 're' ya mbele inashikana na neno: rewrite, reopen, return. Hakuna kistari." Akabonyeza kitufe, kistari kikafutika. Kwa kuwa alikuwa na furaha siku hiyo, akamwongezea na alama ya mshangao mwishoni. "Ona sasa, iko propre, safi kabisa!"

Alhamisi, mchana mchana, Papa Mushagalusa akarudi amekunja uso.

"Maman Maisara, kazini banalia."

"Nani analia?"

"Bote! Yolande wa mapokezi ananikumbatia tangu asubuhi. Na sasa baleta gâteau."

"Labda ni anniversaire yako."

"Mimi nilizaliwa mwezi wa tisa!" Akatoa kadi iliyojaa saini. "Soma hii, unielezee."

Maisara akasoma "We will miss you", akarudia kuisoma. Tutakukumbuka? Kwani anaenda wapi? Akafungua nakala ya barua ya Jumatatu, akatafuta lile neno kwenye kamusi ya simu. Re-sign, lenye kistari: kusaini tena. Resign, lisilo na kistari: kuacha kazi.

Akakaa chini taratibu.

"Papa, nisamehe. Tuliwaandikia kwamba unaacha kazi."

"Ninaacha?"

"Na unafurahi. Unafurahi sana. Mimi mwenyewe niliongeza point d'exclamation."

Wakatazamana. Maisara alitaka kulia kwa aibu, lakini kicheko kikamtoroka puani, na Papa Mushagalusa, ambaye alikuwa na haki zote za kukasirika, akaanza kutikisika mabega. Wakacheka hadi jirani akachungulia dirishani. Halafu papa akakumbuka kuwa hana kazi, akanyamaza ghafla.

"Twende," akasema Maisara. "Sasa hivi!"

Wakapanda pikipiki wawili nyuma ya dereva, Maisara akishika mtandio kwa mkono mmoja. Waliingia ofisini Madame Fabiola akiwa katikati ya hotuba ya kumuaga papa, bila kujua kwamba alikuwa ametoka. Alizaliwa Bukavu akakulia Lusaka, na Kiingereza alikimeza tangu utotoni.

"Barua yake ilinishangaza," alikuwa anasema kwa huzuni. "Ile furaha yake yote ya kutuacha..."

"Madame, pardon!" Maisara akapenya hadi kwenye ubao, akayaandika maneno yote mawili, moja chini ya lingine, akagonga kile kistari kwa kidole. "Haka kalikuwa ndani. Mimi njo nilikatoa!"

Madame Fabiola akasoma la juu, akasoma la chini. Kisha akashika ukingo wa meza akacheka mpaka miwani ikadondoka.

"Siku tatu silali," akasema akifuta machozi. "Najiuliza nimemukosea nini huyu papa! Maman, règle yako ni ya kweli. Lakini ukishikanisha na likazaliwa neno lingine, kistari lazima kibaki."

Maisara akalirudia hilo kwa sauti mara mbili, kama mtu aliyeokota dhahabu. Akaomba karatasi, akaandika barua mpya hapo hapo: "I will re-sign — gladly — for two more years."

"Hivi virefu viwili vya nini?" akauliza Madame Fabiola.

"Papa anakata maneno aongeze furaha, madame."

Papa Mushagalusa akaomba atafsiriwe kila neno kabla ya kugusa kalamu. Alipotosheka akasaini, barua kwanza, kisha mkataba, na Yolande akamkumbatia upya. Keki ilikatwa. Papa alikula vipande vitatu, akampigia simu mke wake aliyekuwa kijijini Miti kumweleza kwamba aliacha kazi Jumatatu na kuajiriwa Alhamisi, wala asimuulize chochote mpaka afike nyumbani.