Kuigiza Chini ya Mabati

Mama ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi cha maigizo, tena kwa hila. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimejipatia kazi ya kudumu: kukaa jikoni karibu na moto nikingoja chai ichemke, halafu nikingoja ipoe. "Weri," aliniambia, yaani kijana wangu, "hata kuku hutoka nje." Akanituma nipeleke maziwa kwenye ukumbi wa kanisa, nikakuta vijana wa mtaa wakirukaruka. Kiongozi wao, fundi wa simu kutoka upande wa ziwa, alipokea maziwa, akaniangalia nilivyoketi kungoja mtungi.

"Huyu ana kipaji cha kukaa," akawaambia wenzake. "Tumepata babu."

Hivyo ndivyo mimi Mkipsigis nilivyokuwa babu wa Kiluhya. Mtaa wetu umebanwa kati ya mji na mashamba ya chai, na kila mlango una lugha yake. Fundi alikuwa na sheria moja: hakuna kucheza watu wa kwenu. "Ya kwenu umeyazoea, utasinzia," alisema. Wa kuigiza mama wa Kikipsigis tulimpata kwa Wakikuyu, naye alimimina mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kana kwamba anatilia gari mafuta. Mjukuu wangu alikuwa msichana wa Kikisii, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Katika mchezo ananiomba nimruhusu aolewe ng'ambo ya mto, nami ninakataa mara tatu nikiwa kwenye kiti. Sikuhitaji mazoezi mengi.

Ukumbi ule haukuwa na dari, mabati tu. Na kwetu mvua huja alasiri kama mtu wa zamu, mara nyingi na mawe yake. Ikianza, hata ukipiga mayowe hakuna anayekusikia. Basi tulikuwa na namna yetu: maneno yanangoja, mikono inaendelea. Mama wa mchezo anachagua maharagwe, wazee wanapitishiana kikombe, wote polepole, kama watu walio chini ya maji. Ukungu unaingia madirishani, unanuka majani mabichi ya chai na makoti yaliyolowa. Watazamaji nao walikuwa wamezoea. Wamama walitoa vitambaa vyao wakafuma huku wakitutazama. Wakati mwingine nilisahau kabisa kwamba ni mchezo. Nilidhani hivi ndivyo dunia ilivyo ikinyamaza.

Mwaka ule mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeingia mashambani na watu wengi walikuwa wanafunga virago. Baba wa msichana alikuwa ameamua kurudi kwao Kisii na jamii yote. Msichana aliomba abaki kwa shangazi yake, mtaani humu, aendelee na kikundi. Baba akamjibu, "Nitakuja nione hiyo kazi. Nikiona ni mchezo wa watoto, tunaenda wote Jumatatu."

Siku ya onyesho alikuja na ovaroli ya kiwandani, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kwa sababu zamu yake ilikuwa inakaribia. Msichana alikuwa ameniambia pembeni, "Babu, leo usilale. Yale maneno yangu ya mwisho ndiyo anapaswa kusikia."

"Mimi silali," nikasema. "Nafumba macho kwa heshima."

Nilikataa mara ya kwanza. Nikakataa mara ya pili. Msichana akapiga magoti, akafungua mdomo, na mvua ya mawe ikashuka.

Tukaingia chini ya maji yetu. Mama akachukua maharagwe. Msichana alibaki magotini akinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. Tulingoja. Mvua haikuwa na haraka. Kule nyuma niliona baba yake akitazama saa ya simu, akisimama, akivuta kofia. Msichana pia aliona. Mimi, mzee wa kukataa, nilikuwa tayari kusema ndiyo kwa kila kitu, ila nani angenisikia?

Lakini yule baba hakutoka. Alipita katikati ya viti, akapanda jukwaani na gamubuti zake, akainama kati yetu na kumtegea binti yake sikio. Msichana akayasema yote humo. Niliona tu midomo ikienda na mshipa wa shingo ukicheza. Wamama waliacha kufuma. Nilikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote na sikupata hata neno moja.

Alipomaliza, baba alisema kitu sikioni mwake, kifupi, akashuka, akavuta koti kichwani na kutoka kwenye mvua.

Mawe yalipopungua, fundi alikuja mbio kutoka nyuma ya pazia. "Mzee amesema nini?"

Msichana alikuwa anafuta uso kwa leso ya mchezo. "Nabaki. Lakini shangazi akimwambia nimekuwa mtoro, atakuja kunichukua yeye mwenyewe." Akavuta pumzi. "Na amesema nakimbiza maneno, kama mtu anayefukuzwa na ng'ombe."

"Hapo ni kweli," fundi akasema. "Haya, rudini mahali penu."

Msichana akapiga magoti tena na kunishika mkono. Ukumbi mzima uliegemea mbele. Safari hii aliyasema polepole, moja moja, kama anayetembea kwenye tope na viatu vya kanisa.