Mshahara Usio na Makato

Mpishi mkuu wa shule ya bweni alipandwa na hasira kabla kaka yake hajafungua mdomo, maana alishaiona ile fomu ya kijani ikichungulia kwenye mfuko wa shati. Na mwanamume huyo hakuileta jikoni, wanakoonana kila siku. Aliileta kwa mama yao, siku ya mapumziko, mbele ya chai. Alijua anachofanya.

Fomu zile ni za chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi. Mstari wa mdhamini uko chini kabisa, mahali ambapo mtu husaini akiwa ameshachoka kusoma. Mpishi aliwahi kusaini mara moja, wima, mwiko mkononi. Ndivyo walivyozoeana pale shuleni: leo unanidhamini, kesho nakudhamini, na anayekataa anaonekana ana roho mbaya. Kaka yake, dereva wa basi la shule ambaye wenzake humwita Bosi kwa ajili ya miwani yake nyeusi na maneno matamu, alitaka kununua pikipiki ya biashara. Akainunua. Miezi mitatu baadaye akaacha kazi, akaondoka nayo, na deni likabaki pale pale kwa aliyesaini.

Miaka minne mshahara wa mpishi ulikatwa karibu nusu. Akawa ananunua mafuta kwa kipimo cha kikombe na sukari ya siku moja, vitu ambavyo ukijumlisha mwisho wa mwezi umelipa bei ya mzungu. Kilichopungua alikopa dukani, na muuza duka, mtu wa tabasamu pana, alimwongezea deni kidogo kila alipofungua daftari. Wanawe wawili walirudishwa nyumbani kwa ada kila muhula. Alikuwa anapika chakula cha watoto mia sita, kisha anarudi kwake kukwangua sufuria.

Sasa ni mwezi wa saba tangu makato yaishe. Mshahara ni uleule, haujaongezwa hata senti, lakini nyumba si ile. Unga unaingia kwa gunia, bei ikiwa chini. Kodi imelipwa miezi mitatu mbele. Ada ililipwa kabla shule hazijafunguliwa, na mhasibu akamtazama mara mbili. Jina lake limefutwa kwenye daftari la duka, na muuza duka hatabasamu tena. Kila akiyafikiria haya mpishi hafurahi kama watu wanavyodhani. Anakasirika. Kumbe shida yote ile, miaka yote ile, ilikuwa sahihi moja.

Na huyu hapa, amerudishwa kazini mwaka huu, fomu ameiweka mezani, ananyoosha kalamu.

"Dada, wewe huna deni popote," alisema Bosi kwa sauti laini. "Kule ofisini wanakusifu. Saini yako tu, napata mkopo kesho."

"Sisaini."

Mama yao aliweka kikombe chini. "Mwanangu, huo uchoyo utakufikisha wapi? Mwenzako ndiye amekuwa akininunulia vidonge vya presha. Ukiombwa wewe, kila mwezi huna. Huna, huna, na mshahara unapokea. Leo anaomba jina tu, siyo hela."

Bosi alijishughulisha na chai yake. Mpishi alimtazama, akasubiri aseme neno. Siku makato yalipoanza ni yeye aliyempigia simu akimsihi asimwambie mama, presha itampanda, atalipa mwenyewe mambo yakikaa sawa. Mpishi aliitunza siri hiyo akiitwa bahili mbele ya shangazi na majirani. Alisubiri mpaka chai ya kaka mtu ikaisha, na neno halikuja.

"Mama," alisema, "hela ya vidonge vyako ilikuwa yangu. Pikipiki yake nimeilipa mimi, miaka minne, mpaka mwezi wa mwisho. Yeye alikuwa anakuletea dawa kwa hela ya pikipiki hiyo hiyo."

"Ni kweli?" mama alimuuliza Bosi.

"Hayo mambo ya zamani, mama. Tuangalie mbele."

Mama aliichukua ile fomu mezani, akaikunja mara mbili, akaisukuma mpaka kwa mwanawe wa kiume. Kisha akamgeukia binti yake, macho yamemlowa. "Kwa nini hukuniambia?"

Mpishi alikuwa amesimama tayari, anafunga mtandio. Alidhani akishayatoa yaliyo moyoni hasira itashuka, na haikushuka.

"Ningekuambia," alisema, "kati yangu na yeye, ungemwamini nani?"